Maswali ya Wasomaji: Volteji nimepandisha, mbona mashine bado inagoma?

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Jinja, kazi yangu kuediti video za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) na harusi. Natumia kompyuta ya Intel Core i7-8700K kwa mazabodi ya Z370, nilinunua mtumba Kampala. Nimeiovakloki, yaani nimeipandisha kasi kupita ya kiwanda, mpaka GHz 5.0, Vcore (volteji ya prosesa) nimeweka 1.40 vile nilivyoona kwa video moja YouTube, na LLC (ile ya kushikilia volteji isishuke) nimeweka ile ya juu kabisa. Nikianza kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, haimalizi, inaleta skrini ya bluu imeandikwa CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, na joto nimeliona 98. Jirani yangu anayetengeneza redio anasema ni umeme wa huku unapanda na kushuka, ati ninunue stabilaiza. Ni kweli, au niongeze volteji kidogo tena? Wateja wanangoja, tafadhali nisaidie.

JIBU: Ndugu yangu, usiongeze hata nukta moja, na hela ya stabilaiza ibaki mfukoni kwanza. Umeme wa ukutani, hata ukiyumba, hauingii kwa prosesa moja kwa moja, unapita kwa pawasaplai unageuzwa kuwa volti 12, halafu mazabodi yenyewe inazishusha tena mpaka hiyo 1.2 au 1.3, kwa hiyo line ikiyumba kupita kiasi mashine inazima paap au inajiwasha upya, haikai kukuandikia ujumbe wa bluu. Huo ujumbe kwa mtu aliyeovakloki mara nyingi unasema kore mojawapo ilishindwa kujibu kwa wakati, yaani kasi uliyoiomba na volteji inayofika, kwa joto lile, haviendani. Ukiwa na hela nunua UPS (betri ya akiba), umeme usikukate katikati ya kurenda.

Shida yako kubwa ni joto. Moto wa prosesa unapanda kwa volteji mara yenyewe, si kwa volteji tu. Kutoka 1.25 kwenda 1.40 peke yake ni kama robo ya moto zaidi, ukiongeza na kasi kutoka GHz 4.7 kwenda 5.0 unafika theluthi nzima, na kasi uliyoipata hapo ni kama asilimia 6 tu! Sasa prosesa ikichemka ndiyo inahitaji volteji zaidi ili ishike kasi ileile, wewe unaongeza, inachemka zaidi, mnazunguka hapo hapo. Na hii 8700K Intel walitia pesti chini ya kile kifuniko cha chuma badala ya kulehemu, moto unachelewa kutoka hata ukiwa na kipoza kizuri. Ikifika 100 inajipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo hiyo 5.0 unayoiona imeandikwa wala huifaidi.

Kitu kingine ambacho video nyingi hazisemi: namba unayoandika kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi) si ile inayofika. Kazi ikianza, prosesa inavuta ampea nyingi na volteji inashuka kidogo, imetengenezwa hivyo makusudi. LLC kazi yake ni kuzuia huko kushuka. Ukiiweka juu kabisa volteji haishuki, sawa, lakini kazi ikikatika ghafla inaruka juu kupita uliyoandika kabla haijatulia, na huo mruko ni wa haraka sana, programu haikuonyeshi. Weka ya katikati. Tena usinakili namba ya LLC ya mtu, kwa mazabodi za ASUS namba kubwa ndiyo kali, kwa za ASRock Level 1 ndiyo kali, watu wanaumia hapo tu.

Basi fanya hivi. Rudisha BIOS kwenye hali ya kiwanda, XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya ramu) zima kwanza ili ramu isikuchanganye. Badilisha themo pesti, ile iliyo kati ya kipoza na prosesa, mashine ya mtumba huwezi kujua ya mwisho iliwekwa lini. Weka kore zote 47, yaani GHz 4.7, Vcore ya mkono 1.25, usiiache Auto maana Auto inakisia chipu mbovu kuliko yako na inatoa volteji nyingi bure. Washa HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na volteji, piga Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, ikirudia rudia kama nusu saa huku unaangalia Vcore wakati wa kazi, si wakati imekaa. Ikianguka ongeza 0.01 au 0.02, pima tena, na mpaka wako uwe 1.35 au joto 85, chochote kitakachotangulia, hapo simama ushushe kasi. Ikipita bila kuanguka angalia kama HWiNFO inahesabu makosa ya WHEA (makosa ya vifaa ambayo Windows inayaandika), hata moja tu inamaanisha bado haijatulia. Halafu pima na kazi yako halisi, renda kwanjula nzima mchana jua likiwa kali, si usiku wakati chumba kimepoa, maana mteja hakuletei kazi usiku peke yake.

XMP ukiirudisha, angalia VCCIO na VCCSA, volteji za sehemu ya prosesa inayoongea na ramu, hizi mazabodi nyingi zikiachiwa Auto zinapandisha zaidi ya inavyohitajika, shikilia kwenye 1.1 hadi 1.2 ujaribu. Ukimaliza yote geuza Vcore iwe Adaptive, ili mashine ikikaa bila kazi volteji ishuke.

Chipu yako ikikubali 4.8 tu, kubali. Chipu hazifanani hata zikiwa na jina moja, na kwa mtu anayekula kwa video, faili iliyokamilika inalipa, hiyo 5.0 hakuna mteja anayeiona.

SWALI: Fundi, mimi niko Arua, nina i5-9400F kwa mazabodi ya B365, natafuta pa kuovakloki sipaoni. BIOS imeharibika?

JIBU: Haijaharibika, dada. Prosesa yako haina K mwishoni, imefungwa, na B365 nayo hairuhusu, hata ungeweka yenye K. Usiflashi BIOS yoyote ya kuokoteza. Kama una ramu moja tu, ongeza ya pili inayofanana nayo, DDR4 ya 2666 inatosha kwa sababu mashine yako haivuki hapo, na uzichomeke kwenye nafasi zilizoelekezwa kwa kitabu cha mazabodi.