Maswali ya Wasomaji: Ruzuku Ndogo za Utafiti wa Awali wa Tiba

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni daktari wa watoto katika hospitali ya mkoa, ukanda wa pwani ya Tanzania, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kliniki ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye sasa anafundisha katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, amenieleza kwamba kituo chao hutoa ruzuku za utafiti wa awali za hadi dola 50,000 kwa mwaka, na kwamba tunaweza kuomba pamoja. Ninataka kuonyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea inapunguza maumivu na kulazwa kwa watoto wetu. Wenzangu wananiambia kwamba fedha hizo ni kidogo mno na nitapoteza muda wangu. Je, niombe?
— *Daktari, Tanga*

JIBU: Daktari, omba, lakini badilisha swali la utafiti wako kabla ya kuandika hata ukurasa wa kwanza wa maombi.

Ruzuku za namna hiyo nchini Marekani zina chimbuko linalofaa kujulikana. Mwaka 2006 Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, NIH, zilianzisha mpango wa kuvipa fedha vyuo vikuu vyenye hospitali za kufundishia ili viharakishe safari ya ugunduzi kutoka maabara hadi kitandani kwa mgonjwa. Leo mpango huo uko chini ya NCATS, kituo kilicho ndani ya NIH na kilichoundwa mwishoni mwa mwaka 2011, na kila chuo kilichomo hutenga sehemu ya fedha zake kwa ruzuku ndogo zinazoshindaniwa na watafiti wake, mara nyingi kwa mwaka mmoja na kwa kiwango kama hicho alichokutajia rafiki yako. Anayetoa ruzuku hizi hatarajii zitoe tiba mpya. Anatarajia zimwezeshe mtafiti kuonyesha kwamba utafiti mkubwa zaidi unaweza kufanyika, na kwamba unastahili kupewa fedha nyingi zaidi.

Dawa unayoitaja ni mfano mzuri wa safari hiyo na jinsi inavyoweza kuchelewa. Haidroksiyurea iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998, ilhali mzigo mkubwa wa ugonjwa uko kwetu Afrika. Kwa miaka mingi madaktari wa huku walisita, na walikuwa na sababu: je, dawa inayogusa chembe nyeupe za damu haitamweka mtoto katika hatari zaidi mahali penye malaria? Swali hilo lisingeweza kujibiwa Marekani, ambako malaria haipo. Lilijibiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, kwa utafiti wa watoto 207 uliochapishwa mwaka 2017, na matokeo hayakuonyesha kwamba watoto waliopewa dawa waliugua malaria zaidi ya wenzao. Ukafuata utafiti wa REACH uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2019. Watoto 606 walipewa dawa hiyo, na lengo la msingi la utafiti huo lilikuwa kujua kama dawa inaweza kutumika katika mazingira hayo na kama ni salama. Maumivu yalipungua, na vilevile malaria, uongezwaji wa damu na vifo.

Kwa hiyo swali lako, kama ulivyoliandika, lina kasoro mbili. Kwa sehemu kubwa limekwisha kujibiwa, na hata kama lisingejibiwa, watoto 30 au 40 unaoweza kuwamudu kwa dola 50,000 wasingetosha kulijibu. Chukua mfano huu: ukiwatibu watoto 30 na asiwepo hata mmoja aliyepata madhara makubwa, hesabu za takwimu bado zinaruhusu kwamba hatari halisi ya madhara hayo ifikie karibu asilimia 10. Vivyo hivyo, watoto 24 kati ya 30 wakirudi kliniki hadi mwisho, utaandika asilimia 80, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 61 na 92. Mtafiti anayechukua matokeo ya kundi dogo kama hilo na kutangaza kwamba dawa imefanya kazi, au kwamba imeshindwa, anawadanganya wasomaji wake hata kama hakukusudia.

Swali ambalo fedha hizo zinaweza kulijibu ni hili: je, hospitali yako inaweza kutoa dawa hii kwa usalama, wiki baada ya wiki, kwa watoto wanaotoka mbali? Mtoto anayeitumia anahitaji kipimo cha picha kamili ya damu mara kwa mara, kwa sababu chembe nyeupe zikishuka kupita kiasi dawa husitishwa. Mashine yenu hufanya kazi siku ngapi katika mwezi? Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vikiisha, sampuli hupelekwa wapi, na majibu hurudi kabla mama hajaondoka au baada ya siku tatu? Wazazi wangapi wanakubali kushiriki, wangapi wanarudi mwezi wa sita, na wasiorudi wamezuiwa na nini: nauli, shule, au hofu ya dawa ambayo wamesikia kwamba ni ya saratani? Hayo hayajibiwi na utafiti wa Kilifi wala wa Kampala, kwa kuwa ni ya Tanga. Nami nayaona kuwa na thamani kubwa, maana dawa iliyothibitishwa lakini isiyoweza kufuatiliwa kwa vipimo bado haijamfikia mtoto.

Andika mapema viwango vyako vya kuamua. Kwa mfano, ukisajili zaidi ya asilimia 70 ya wanaostahili na robo tatu ya vipimo vikafanyika kwa wakati, utaendelea na utafiti mkubwa. Vikifanyika nusu tu, utabadilisha utaratibu. Vikiwa chini ya hapo, utaacha. Mwongozo wa kimataifa wa kuripoti tafiti za awali, uliotolewa mwaka 2016, unataka viwango vya aina hiyo vielezwe waziwazi. Wanaosoma maombi huvitafuta, kwa sababu vinaonyesha kwamba mwombaji yuko tayari kupokea jibu asilolipenda.

Katika bajeti, usitangulize vifaa vya kifahari. Tanguliza mshahara wa muuguzi mmoja wa utafiti na wa mtunza takwimu, nauli za wazazi, vitendanishi, muda wa simu wa kuwafuatilia wasiofika, na malipo ya mtaalamu wa takwimu atakayeshiriki tangu mwanzo. Ruzuku nyingi za aina hii hazilipi mshahara wa mhadhiri mwenyewe, hivyo soma masharti kabla ya kupanga. Kumbuka pia kwamba mwaka mmoja ni mfupi kuliko unavyodhani, kwa kuwa fedha hazitolewi kabla ya vibali vya maadili kukamilika pande zote mbili. Kwenu kibali hicho kinapitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na iwapo utafiti ni wa majaribio ya dawa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, nayo inahusika. Anza kuandaa nyaraka hizo sasa, kabla ya jibu la ruzuku.

Jambo la mwisho ni zito. Mwezi Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya ambamo taasisi ya Marekani inapitisha sehemu ya fedha kwa taasisi ya nchi nyingine, hadi utaratibu mpya utakapowekwa. Mwombe rafiki yako apate maelezo ya maandishi kutoka ofisi ya ruzuku ya chuo chake kuhusu namna fedha zinavyoweza kukufikia leo, kabla ninyi wawili hamjatumia miezi mitatu kuandika.

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi mwenye shahada ya kwanza. Je, mtu asiye na shahada ya uzamivu anaweza kuomba ruzuku ya utafiti wa awali?
— *Muuguzi, Kisumu*

JIBU: Dada yetu, kuwa mtafiti mkuu itakuwa vigumu, kwa kuwa wafadhili wengi hutaka mwombaji awe na ajira ya kitaaluma katika chuo au taasisi ya utafiti. Lakini unaweza kuwa mtafiti mwenza, na uwe kweli, si kwa jina tu. Sisitiza kwamba jina lako, majukumu yako na nafasi yako katika makala itakayochapishwa viandikwe kabla ya maombi kupelekwa. Nimewaona wauguzi walioleta wazo zima na kuwasajili wagonjwa wote, kisha wakatajwa katika mstari wa shukrani, na hilo si haki. Fuatilia pia matangazo ya Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2013.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Hospitalini wameniomba mwanangu mwenye selimundu aingie katika kile walichokiita utafiti wa awali. Je, maana yake ni kwamba hawajui wanachokifanya, na mwanangu ndiye wa kujaribiwa?
— *Mama wa watoto wawili, Mombasa*

JIBU: Marahaba, mama. Hofu yako ni ya haki, na wanaokuomba wanapaswa kuijibu kabla hujatia sahihi.

Neno "awali" linaweza kuwa na maana mbili tofauti sana: ama dawa yenyewe haijajaribiwa vya kutosha kwa watoto, ama dawa inajulikana na kinachochunguzwa ni namna ya kuitoa hapo hospitalini. Waulize moja kwa moja ni ipi kati ya hizo mbili. Uliza pia nani atalipia matibabu mwanao akidhurika, na dawa ikimfaa, ataendelea kuipata kwa njia gani baada ya utafiti kwisha. Swali hili la mwisho ndilo linalosahauliwa mara nyingi, kwa sababu ruzuku ya mwaka mmoja huisha ilhali selimundu haiishi.

Maelezo yote yanapaswa kutolewa kwa lugha unayoielewa vizuri, na nakala ya fomu ya ridhaa ubaki nayo. Unaweza kukataa, au kukubali kisha ukajitoa, na mwanao ataendelea kupata matibabu yake ya kawaida kama watoto wengine. Fomu hiyo inapaswa kuwa na namba ya simu ya kamati ya maadili. Ukiona mtu anakuharakisha, piga namba hiyo kabla ya kutia sahihi.