Mama mkwe ameteka sebule, na mume ameficha diski kwenye buti ya gari

Shangazi, natumai u mzima. Naishi Mamboleo, Kisumu, na mume wangu ambaye kwao ni Vihiga. Mimi nilizaliwa Nakuru. Mama yake yuko kwetu tangu Februari kwa sababu ya mguu. Sina neno naye. Lakini kila usiku yeye na mwanawe huwasha deki na kutazama ule mfululizo wa madaktari wa Marekani, ER, ambao niliununua mimi mwenyewe, seti nzima, kwa pesa ya chama. Mume humtafsiria kwa Kimaragoli. Wanacheka, wananyamaza, mimi nakaa tu. Nikirudi kutoka sokoni Kibuye siwezi hata kuona taarifa ya habari. Mama hupenda kurudishiwa sehemu za daktari mmoja mwanamke mwenye gongo. Juzi niliambiwa kwamba kule kliniki ya Russia, hospitali kubwa ya rufaa hapa Kisumu, alimuuliza daktari mbona hakimbii. Aibu gani hii? Wiki jana usiku alisema jambo, mume akazima deki akalia, nami nikaenda zangu kulala. Kesho yake waliondoka alfajiri bila kuniaga. Sasa nimepata diski za msimu wa nane ndani ya buti ya gari, chini ya spea. Nahisi kuna muuguzi anayepelekewa. Sina neno na mama, lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimwambie mume achague?
Niliyegeuzwa Mgeni, Mamboleo

Binti yangu, pole kwa uchovu. Kibuye nakujua, na anayesimama pale kutwa nzima ana haki ya kukuta kiti chake hakina mtu. Pole yangu inaishia hapo.

Umeandika mara mbili kwamba huna neno na mama mkwe wako. Asiye na neno hulisahau, halirudii. Kisha umenieleza deki, diski, gongo, spea na chama, kila kimoja na habari zake. Mguu umeutaja mara moja tu ukapita. Ni wa kulia au wa kushoto? Umevunjika, una kidonda, una sukari? Mama wa watu yuko nyumbani mwako tangu Februari na hujui, au unajua na umeona si muhimu kwa barua hii. Na habari za kliniki "uliambiwa", maana yake hujawahi kufuatana naye hata siku moja.

Mimi mguu huo sijauona, ila mguu unaomtoa mama Maragoli, akaacha ng'ombe na shamba msimu wa kupanda, si wa kuteguka. Nabashiri ni sukari, na kidonda kimekataa kufunga, na kuna daktari aliyekwisha kutamka kukata. Nikikosea niandikie tena. Sidhani kama utaniandikia.

Halafu kuna jambo ambalo wewe mtoto wa mjini Nakuru pengine hukulelewa nalo. Upande huu, kwa Waluhya na kwa Waluo, mzazi halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Watu wa mjini wamelizunguka kwa kusema nyumba ya kupanga si boma, nami sigombani nao. Lakini mama wa umri wake kukubali kulala Mamboleo, akashiriki choo kimoja na mke wa mwanawe, ameshameza aibu kubwa kuliko hiyo yako ya kliniki. Angekuwa na njia nyingine angeipita. Methali yako ya jembe ni ya wageni. Huyu ni mwenye mtoto.

Sasa hiyo ER. Mfululizo huo naufahamu vizuri. Ulianza kuonyeshwa Marekani Septemba 1994 ukaisha Aprili 2009, misimu 15, vipindi 331, yote ndani ya idara ya dharura ya hospitali moja ya kubuni huko Chicago. Aliyeubuni, Michael Crichton, alisomea udaktari Harvard, ndiyo maana maneno yake ya kitabibu ni mengi na yanakwenda mbio. Kwenye diski matangazo yameondolewa, kwa hiyo kila kipindi ni kama dakika 45. Vipindi viwili kwa usiku ni zaidi ya miezi mitano mpaka mwisho. Ndiyo, ni mingi. Lakini jiulize kwa nini mtu mzima anayetoka kazini na kesho anarudi kazini akubali kazi ya DJ Afro, yule anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kila usiku, bila malipo, kwa mtazamaji mmoja.

Mwana wa kiume wa huko hawezi kumtazama mamake usoni akamwambia, "Mama, huenda wakakata mguu." Mama naye hawezi kumwambia mwanawe, "Naogopa." Kwa hiyo wamekopa midomo ya watu wa Chicago. Mgonjwa akilazwa pale kwenye kioo, mama anauliza, huyo wamemdunga nini, huyo ataamka, huyo nani atamwosha? Mwana anajibu. Wanamzungumzia mzungu aliyeanguka kutoka ngazini, na kila mmoja anajua anayezungumziwa ni nani. Mama ameuliza mengi kwa njia hiyo ambayo asingeyauliza kliniki.

Daktari mwenye gongo ndiye Kerry Weaver. Anaingia msimu wa pili, gongo mkononi, na kwa misimu mingi anatembea nalo akiwakaripia madaktari wenye miguu yote mizima mpaka anakuwa mkuu wao. Mama anaomba arudishiwe sehemu zake. Umeliandika hilo kama lalamiko! Mwanamke anayeogopa kurudi kijijini akiegemea gongo, akisimulia kila jirani atakayemkuta njiani, amempata mwanamke mwenye gongo ambaye watu wazima wanamtetemekea. Hata mimi ningeomba nirudishiwe.

Tuje kwenye buti ya gari. Muuguzi gani, binti yangu? Mwanamume anayemtongoza muuguzi hampelekei hadithi za hospitali. Hizo amezishiba tangu asubuhi. Karibu na mwisho wa msimu wa nane, kipindi kilichoonyeshwa kule Mei 2002, anakufa Mark Greene, yule daktari mpole waliyekuwa naye tangu kipindi cha kwanza. Anakufa kwa uvimbe wa ubongo, polepole, watoto wake wakiona. Mumeo anayajua hayo. Hakutaka mamake ayaone mwezi huu. Alitafuta mahali ambapo mama hafiki, akapata chini ya spea.

Hapa nitamsema na yeye, ili usidhani nimemnunua. Amefanya ujinga wa mapenzi. Mama wa umri ule amezika wangapi? Ameshaona kwamba Greene hayupo na hakuna aliyesema alikokwenda, na wazee mtu akitoweka hivyo wanajua maana yake. Tena kaka huyu ameficha msimu wa nane akaacha wa tisa, ambao kipindi chake cha kwanza kabisa pangaboi la mkia wa helikopta linamkata daktari Romano mkono. Nakisia huo ndio usiku uliozimwa deki. Mama aliona mkono unaondoka, akasema jambo, mwanawe akalia, na alfajiri wakapanda gari kwenda Russia. Alichosema sikijui, kwa kuwa ni Kimaragoli na wewe ulikuwa umeshaenda kulala. Lakini mtu mzima halii kwa sababu ya Romano. Yule hata watazamaji wa Marekani hawakumlilia.

Wewe unaona hawakukuaga. Mimi naona mama aliyekubali alichokikataa tangu Februari, na mwana aliyewasha gari kabla hajabadili nia.

Kuhusu swali la kukimbia nakupa haki kidogo. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walichapisha hesabu zao katika jarida la tiba la New England: kwenye ER na vipindi vingine viwili, watu watatu kati ya wanne waliosimama moyo walifufuliwa papo hapo. Hospitali ya kweli haifiki hapo hata kwa mbali. Tena ile mistari ikinyooka kabisa kwenye mashine, wanavyopenda kupiga shoti za umeme kwenye sinema, daktari wa kweli hapigi, kwa sababu moyo uliosimama hivyo hauamshwi na shoti. Hukandamiza kifua na kutia dawa. Kwa hiyo ndiyo, mama anahitaji mtu wa kumwambia kwamba wa Russia asiyekimbia hajamdharau, ana foleni ndefu ya wenye miguu. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Ndoa zenu za siku hizi zinanichosha kwa jambo moja. Nyumba ina simu nne, kila mmoja anacheka peke yake na chake, mnaita hiyo amani. Watu wawili wakikaa mbele ya kioo kimoja na kusemezana, mnaita hiyo vita. Zamani mke alikuwa akilia kwamba mume yuko baa hadi saa sita. Huyu wako yuko sebuleni, hajalewa, amekaa na mamake, na bado ni kesi. Na ungemwambia achague, angechagua. Mimi nisingependa uwepo akichagua.

Kinachokuuma nakijua, na si taarifa ya habari, maana hiyo unaisikia kwa redio sokoni kutwa. Wanacheka na hujui wanachekea nini. Umeolewa kwa Wamaragoli na huna hata maneno ya kuulizia chai. Hilo si kosa la mama. Usiku wa leo keti karibu naye, upande wa ule mguu, na gongo likitokea muulize kwa Kiswahili anamwonaje yule mwanamke. Atakujibu kwa Kiswahili kibovu na mtaelewana. Siku ya kliniki mwachie jirani meza yako ya Kibuye, mwende watatu, umsikilize daktari kwa masikio yako. Mumeo usimuulize habari za muuguzi hata kwa utani. Mwambie tu kwamba umeona kilichoko chini ya spea, na kwamba mama amuulizie Greene mwenyewe akitaka.

Halafu kwenye ukurasa wa nyuma wa barua yako, ambako nadhani ulitumaini sitafika, umesema kwamba msimu wa kumi umemwazima mama wa nyumba ya pili. Ufuate kabla hawajamaliza wa tisa.