Ingieni Bagamoyo kwa njia ya wapagazi

Swali: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Mwezi wa saba nataka kuwaleta Bagamoyo wanafunzi wangu wa darasa la sita. Hela ya kumlipa mwongozaji haipo, kwa hiyo nitawatembeza mwenyewe kwa miguu, na tuna siku moja tu. Tuanzie wapi? Na habari za utumwa niwaambie vipi watoto wa umri huu?
*Mwalimu, Morogoro*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mji wetu wa kale unatembeleka. Ukiyaacha magofu ya Kaole, ambayo nimemjibia msomaji mwingine hapo chini, mengine yote miguu ya mtoto wa darasa la sita inayaweza, mradi mwanze asubuhi kabla jua halijawa kali na kila mtoto awe na kofia na chupa yake ya maji.

Wageni wengi wakishuka stendi hukimbilia pwani, wakapiga picha mbele ya Boma, wakala samaki, wakarudi Dar. Wewe nakuomba uwaingize watoto kwa upande wa bara, pale Karavanserai, nyumba ya kale iliyokuwa ikifikia misafara, ndipo mteremke kuelekea baharini. Njia hiyo ndiyo waliyoingilia wapagazi. Tena watoto wako wana haki nayo kuliko watoto wengine, kwa kuwa misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilipita kwenu. Stanley, mwandishi wa habari, alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta mmisionari Livingstone, alipita Simbamwene, mji uliokuwa na ukuta wa mawe hapo hapo Morogoro. Waambie hilo kabla hamjapanda basi, ili njia nzima wawe wanachungulia dirishani wakijua wanafuata nini.

Mkifika Karavanserai waketishe uani, usiwe na haraka. Wasimulie juu ya msafara wenyewe: mbele anakwenda kirangozi, ambaye ndiye anayeijua njia, nyuma yake mamia ya watu na mizigo. Kwenda bara walibeba nguo za merikani na kaniki, ushanga na masango ya waya. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Kila nchi waliyopita, mtemi wake alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na isipotolewa hawapiti. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 30 na kitu. Waulize watoto nani amewahi kujitwika ndoo ya lita 20 kutoka bombani. Watanyoosha mikono wote. Basi waambie mzigo wa mpagazi uliizidi ndoo ile kwa zaidi ya kilo 10, na kutoka hapa mpaka Tabora ilikuwa safari ya miezi, si ya dakika.

Hapo ndipo pa kuzungumza utumwa. Uzungumze wazi, watoto wa miaka 12 wanaelewa. Nimesikia watu wakisimulia kana kwamba kila aliyetia mguu Bagamoyo alikuwa kwenye mnyororo. Sivyo. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru wenye kazi yao, waliopatana ujira na tajiri kabla ya kunyanyua mzigo, na kijana wa Kinyamwezi kufika pwani na kurudi lilikuwa jambo la kumpa heshima kwao. Kuwafanya wote watumwa ni kuwavua utu wao mara ya pili. Lakini usije ukaegemea upande wa pili ukaficha. Watumwa walipita hapa. Wako waliovushwa kwenda Unguja, wako waliobaki kulimishwa mashamba ya pwani hii hii. Bandari iliyotoa watumwa wengi zaidi ilikuwa Kilwa, ila hilo haliisafishi Bagamoyo. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na bado utumwa wenyewe ukaendelea majumbani na mashambani. Huku kwetu sheria ya kuufuta ilitoka mwaka 1922. Waandike mwaka huo kwenye madaftari, maana si zamani: wazee walionilea mimi walikuwa wamezaliwa kabla yake.

Kutoka hapo teremkeni hadi Mtaa wa India, unaokwenda sambamba na pwani. Milango ya nakshi wataiona wenyewe, waache waipapase kwa macho. Ila nyumba zile wanaishi watu: kupiga picha ni kwa hodi na ruhusa. Ngome Kongwe ilianza kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu, Abdallah Suleiman Marhabi, mwaka 1860. Baadaye ikawa kambi ya Wajerumani, na wakati wa Waingereza ikawa gereza. Ukuta ni ule ule, wenyewe ndio waliobadilika. Upande huo huo wa mji, karibu na ufuko, kuna makaburi ya Wajerumani waliokufa katika vita vya 1888 na 1889 vya Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga. Yana uzio na yanafagiliwa. Karibu yake kuna alama ya mahali waliponyongewa watu wetu waliowapinga. Simameni penye alama kwa muda ule ule mtakaosimama penye makaburi. Abushiri mwenyewe hakunyongwa hapa, alinyongwa Pangani, Desemba 1889.

Boma la Wajerumani ni la mwaka 1897. Mtoto mwerevu atakuuliza: kama makao makuu yao yalitoka hapa yakahamia Dar es Salaam mwaka 1891, mbona walijenga boma kubwa hivi baada ya kuhama? Mwambie Bagamoyo ilibaki mji wa wilaya na wa biashara. Kilichoihamisha serikali ni maji. Pwani yetu ni ya kina kifupi, merikebu kubwa hutia nanga mbali, watu na bidhaa wakaletwa na mashua. Kule Dar kuna bandari ya kina iliyojificha ndani. Mkifika forodhani, bahari ikiwa imekupwa, wataona kwa macho yao: mchanga unakwenda, unakwenda, na majahazi yamelala ubavu.

Usilipite jina la Sewa Haji. Alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, aliyekuwa akizifungia safari misafara kwa bidhaa na wapagazi, akatajirika kwa hiyo. Utajiri wake akautoa: alijenga shule hapa mwaka 1896 akawakabidhi Wajerumani kwa sharti kwamba isibague watoto kwa rangi, na akatoa fedha za hospitali kule Dar. Kati ya watoto wako lazima yuko aliyewahi kusikia mtu amelazwa Sewahaji pale Muhimbili. Ndiye huyo.

Soko la samaki mpite, ila uwe mkali kidogo kwa watoto, sakafu ni telezi na mnada ukianza hawatasikia lako. Pweza wa kukaanga na mihogo vinatosha kwa chakula cha mchana. Misheni ya Wakatoliki iweke mwisho, iko kaskazini ya mji, mwendo wa kama nusu saa kwa watoto, na kule kuna miembe ya kivuli na makumbusho ya kukaa ndani jua likizidi. Ufike na barua ya shule mkononi, na kila penye kiingilio uulize bei ya wanafunzi kabla hujatoa hela.

Swali: Bibi shikamoo. Mimi na rafiki yangu tumebishana. Yeye anasema Livingstone amezikwa Bagamoyo ndiyo maana kuna mnara wake misheni. Mimi nasema hapana. Nani yuko sahihi?
*Kijana wa Kigamboni*

Jibu: Marahaba. Wewe. Lakini nikueleze yote, maana katika ziara ya Bagamoyo mimi naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko mengine, na ndilo linalosemwa kwa haraka zaidi.

Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, nchi inayoitwa Zambia leo, tarehe 1 Mei 1873. Waliokuwa naye wangeweza kumzika wakaenda zao. Hapakuwa na wa kuwauliza. Abdallah Susi na James Chuma pamoja na wenzao wakakata shauri lingine. Walimtoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kama mzigo. Wakaanza safari ya miezi tisa hivi. Wako waliofia njiani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakakutana na ofisa wa Kiingereza, Cameron, aliyewashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Fikiria: watu wasio na cheo chochote wanamkatalia ofisa, kwa sababu neno lao lilikuwa kumfikisha pwani.

Wakamfikisha. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, mwili ukawekwa misheni, kwenye mnara ule, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Alizikwa Westminster Abbey mjini London tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma hawakuwepo. Aliyesafiri na jeneza alikuwa mwenzao Jacob Wainwright, ambaye nauli yake ililipwa na wamisionari wa Kiingereza. Hao wawili waliitwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha. Chuma alifariki mwaka 1882, Susi mwaka 1891, wote wawili Unguja.

Mnara unaitwa kwa jina la aliyebebwa. Mimi kila ninapompeleka mtu pale humtajia waliobeba, kwa sauti, na nakuomba wewe na rafiki yako mfanye vivyo hivyo mkija. Mkiwa hapo hapo utazameni na mbuyu uliopandwa mwaka 1868, wamisionari walipofika. Kipande cha mnyororo kinachotokeza kwenye shina lake hakihusiani na watumwa, ingawa wengi hudhani hivyo: Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyekuwa akiwatibu watu hapa, alimfungia punda wake hapo, mnyororo ukasahaulika, mti ukaumeza.

Swali: Dada yangu, maana nadhani umri wetu unakaribiana. Goti langu si zuri. Je, kutoka mjini hadi magofu ya Kaole naweza kwenda kwa miguu?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Usijitese, mwenzangu. Ni kama kilomita 5 upande wa kusini. Chukua bajaji, na njia ya ufukweni usiipite peke yako. Miguu yako itunze kwa ajili ya ndani, maana penyewe panataka kutembea taratibu: msikiti unaosemwa kuwa wa karne ya 13, mwingine wa baadaye, na makaburi 22, mengine ya nguzo ndefu zilizokuwa na bakuli za Kichina. Ninyi wa Tanga mna Tongoni, kwa hiyo utayajua mara moja, ni ndugu moja na yale. Kaole ilikuwa na bandari yake, mikoko ikaijaza, ndipo biashara ikahamia huku tuliko. Kwenye kaburi la Sharifa utakuta watu wanaomba dua, wasubiri wamalize. Na huyo wa bajaji mpatane kabisa bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda.