Maswali na majibu: Mashini yangu bado ni nzima, mbona inakataliwa?

Maswali ya wiki hii yote yametoka hapa Lubumbashi, na yote yanahusu zile mashini kubwa za kazi nzito, yaani kompyuta za HP Z na Dell Precision, zinazotufikia zikiwa zimeshatumika ng'ambo.

Jambo fundi. Nina ofisi ya kupima viwanja mtaa wa Kamalondo. HP Z420 yangu ina RAM ya GB 32 na inafungua ramani kubwa bila kuhema, lakini inaniambia haiwezi kupokea Windows 11. Niiuze?

Usiiuze, baba. Hapo "haiwezi" maana yake ni "hairuhusiwi". Microsoft inadai chipu ya ulinzi ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za Core kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Z420 ilitoka 2012, na prosesa yake ya Xeon haimo kwenye orodha hata kama inazishinda laptopu nyingi mpya za bei ndogo. Kanuni hiyo ina sababu zake za usalama, lakini inaniuma kuona mashini nzima inatupwa katika mji ambao watu wanajinyima miezi kadhaa ili wanunue moja.

Shida yako ya kweli ni Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma 14 Oktoba 2025. Mtu binafsi anaweza kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama unaofika 13 Oktoba 2026. Kuna vijana mjini wanaoipitisha Windows 11 kwa mlango wa nyuma. Kwa mashini ya nyumbani, sawa. Kwa ofisi yenye viwanja vya watu, mimi nasema hapana, kwa sababu mashini iliyoingizwa hivyo haina ahadi ya masasisho.

Anza na kazi yako. Kama unatumia QGIS, programu ya ramani, hamia Linux, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows: programu ni ileile na ramani zako zitafunguka. Kama ni AutoCAD, programu ya kuchora, haina toleo la Linux. Basi iache Windows 10 ifanye kazi hiyo tu, na uitoe kabisa kwenye intaneti.

Mimi ni mwanafunzi, nakaa Katuba. Nimeweka Linux mpya kwenye mashini yenye kadi ya picha ya Quadro 4000. Ikiwaka, skrini inabaki nyeusi.

Mdogo wangu, mashini haijafa. Iwashe tena, na orodha ya GRUB, ile ya kuwashia Linux, ikitokea bonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi moja, andika nomodeset, kisha bonyeza F10. Picha itarudi, ingawa itakuwa ya ukubwa mdogo.

Sasa chanzo. Kadi yako ni ya familia ya Fermi, na draiva (programu inayoendesha kadi) ya mwisho ya NVIDIA, kampuni iliyoitengeneza, kwa familia hiyo ni ya tawi la 390, ambalo limeshaachwa. Kiini cha Linux kinaendelea kubadilika na draiva ile imebaki nyuma. Kama uliiweka, iondoe, urudi kwenye nouveau, draiva huria inayokuja na Linux yenyewe. Ukipata pesa kidogo, tafuta kadi ya AMD iliyotumika. Draiva yake imo ndani ya kiini, hutahangaika kila sasisho linapokuja.

Fundi, Precision T3400 yangu ilikubali Windows 11 kwa ujanja. Baada ya toleo la 24H2 haiwaki tena.

Hiyo sasa haiwezi kweli. T3400 inatumia prosesa za Core 2, na hizo hazina amri ya POPCNT ambayo 24H2 inaihitaji. Hakuna ujanja wa kuongeza amri ndani ya silikoni. Weka Linux ya Debian ya biti 64, ambayo Core 2 inaimudu.

Nina duka la kuchapa karatasi hapa mjini, mtaa wa Kenya. Kila umeme wa SNEL, shirika la umeme, ukikatika usiku, asubuhi tarehe imerudi miaka ya nyuma na tovuti zinasema si salama. Leo hata Windows imekataa kuwaka.

Mama, ni betri ndogo ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye ubao mkuu. Umeme ukiwepo, saa inatembea kwa umeme huo. Ukikatika, inategemea betri, na yako imekwisha. Tarehe ikikosea, vyeti vya tovuti vinaonekana kama bado havijaanza kutumika. Kibaya zaidi, mipangilio ya BIOS, programu ya ubao mkuu inayoiwasha mashini, nayo inafutika: diski iliyokuwa ikisomwa kwa njia ya AHCI inarudi kwenye njia ya RAID, na Windows haiioni tena.

Chomoa waya wa umeme, weka betri mpya alama ya + ikitazama juu, kisha ingia BIOS urekebishe saa na urudishe AHCI. Ikishawaka, rudi BIOS upige picha kila ukurasa kwa simu yako.