Usichape kadi nzima kwa Zapfino

Ndugu, simamisha kazi hiyo kabla hujatoa malipo ya awali. Umeuliza karatasi ipi inafaa kwa kadi za harusi ya dada yako, bei za kuchapa hapa Mwanza zikoje, na kama ni sawa kadi yote, kuanzia majina hadi namba za simu, iandikwe kwa fonti ya Zapfino, ile inayoiga mwandiko wa mkono wenye mikia mirefu. Hilo la mwisho limenitoa jasho.

Kadi za harusi yetu ziliandikwa zote kwa Snell Roundhand, ambayo Matthew Carter aliichora mwaka 1966 akifuata mwandiko wa Mwingereza Charles Snell. Ni fonti nzuri mno. Lakini mwandiko wa namna ile ulitokana na kalamu ya unyoya: mkono ukikandamiza, mstari hunenepa, na ukilegea, hubaki mwembamba kabisa. Sasa mstari huo uchapwe kwa dhahabu, kwa herufi ndogo, juu ya karatasi ya krimu.

Sherehe ilikuwa Igombe, ufukweni. Kwenye kadi kitanzi cha "b" kilififia, viunganishi vya herufi vikapotea, na wageni wakasoma jina walilolizoea: Igoma. Mwenyeji wa Mwanza anajua kwamba huko ni upande mwingine kabisa wa jiji. Wajomba wa mke wangu walizunguka Igoma wakiulizia ziwa. Namba ya mwenyekiti wa kamati nayo haikuwasaidia, kwa kuwa 1 ilisomeka 7, na aliyepokea simu zao alasiri nzima ni mtu asiyetujua, ambaye nasikia alikuwa mstaarabu kuliko mimi siku ile. Tulikodi Hiace kuwakusanya huku pilau na sato vikipoa.

Dizaina aliyetushauri alisema kuchanganya fonti mbili ni ushamba. Nilipomlalamikia, alijibu kwamba wageni wetu hawakusoma kwa makini! Mtu wa aina hiyo angefaa kuandika masharti ya mikopo.

Zapfino itakutesa zaidi. Hermann Zapf aliitoa mwaka 1998 kupitia kampuni ya fonti ya Linotype, kutokana na mwandiko wake mwenyewe, na mikia yake hupanda na kushuka mno ilhali kiwiliwili cha herufi ndogo ni kidogo sana. Mistari ikikaribiana mikia hugongana, na ukiipunguza ili maneno yatoshe, hayasomeki. Wala majina yasiandikwe kwa herufi kubwa tupu, maana kila herufi kubwa pale imechorwa ianze neno kwa kutanua mikono, na zikipangwa pamoja ni abiria wanane ndani ya bajaji moja.

Iachie Zapfino majina ya maharusi tu. Tarehe, saa, mahali na namba za simu viwe katika fonti ya wima isiyo na madoido, hata dada yako akinuna. Kisha mchapaji atoe kadi moja kwa karatasi na rangi ileile, umpe mzee asiyejua habari za harusi hiyo asome mahali kwa sauti. Akisita, usilipe.