Mwanangu, usiiulize mashine kwanza

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Marahaba, mwanangu. Sisi huku tu wazima. Mama yako karudi kutoka soko la Mwaloni na dagaa wako. Kesho asubuhi anaupeleka mfuko stendi, kwa hiyo usizime simu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umesema tangu Januari umecheza sataranji kwenye simu karibu michezo 300, na pointi zako zinapanda na kushuka kati ya 1,050 na 1,120 tu. Ukauliza: "Baba, ninunue yale masomo ya mianzo, yaani hatua za kwanza za mchezo, au nikubali kwamba kichwa changu kimeishia hapa?" Nimekaa na swali hilo siku tatu, maana sikutaka kukujibu harakaharaka. Usinunue, na wala usikubali.

Tuanze na hizo pointi zinazokunyima raha. Msingi wa hesabu yake ni ile iliyotungwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria, na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, likaanza kuitumia mwaka 1970. Simu yako kila mara inakutafutia mtu wa kimo chako. Ukipanda kidogo, inakuletea aliyepanda kidogo. Basi utashinda kama nusu na kufungwa kama nusu, mwaka nenda mwaka rudi, na utajiona umesimama palepale hata kama unasogea. Hata ungemzidi mtu pointi 100, hesabu inakutarajia upate takriban alama 64 katika michezo 100, sare ikihesabiwa nusu alama. Zilizobaki ni zake. Kwa hiyo kufungwa mara nyingi hakuniambii lolote kuhusu kichwa chako. Mimi naangalia unafungwaje.

Ndiyo maana nimeupanga ule mchezo wako wa Alhamisi kwenye ubao wetu wa zamani, ule ambao farasi mmoja mweusi ni kizibo cha soda. Ulikuwa na kete nyeupe. Kufikia hatua ya 27 ulikuwa umemzidi mwenzako farasi mzima. Mfalme wako yuko kwenye mraba wa g1, na mbele yake askari watatu, f2, g2 na h2, hakuna hata mmoja aliyesogea. Ngome yako iko d1, inalinda mstari wa nyuma. Ukamwona askari wake pale d7 hana mlinzi, ukapandisha ngome ukamla. Ngome yake ikateremka kutoka e8 hadi e1, na mchezo ukaishia hapo. Mfalme hana pa kukimbilia, askari wake mwenyewe wamemzibia mlango, na hakuna kete yako iliyoweza kurudi kuziba f1. Nimeona pia kwamba ulikuwa umebakiwa na dakika 6, na hatua hiyo uliifanya kwa sekunde 2.

Ukiifungulia programu ya kuchambua sataranji mchezo huu, itakuwekea alama nyekundu kwenye hatua ya 27 na kukuambia ungesogeza askari wa h hadi h3, mfalme apate dirisha. Ni kweli tupu. Lakini kesho hutakutana na ubao huohuo. Programu inajua kosa ni lipi, haijui wewe ulikuwa unawaza nini ulipolifanya. Hilo unalijua wewe peke yako, na ndani ya nusu saa umeshalisahau.

Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukueleza vizuri. Zamani zile nilipokuwa napeleka vipuri vya injini za boti Bukoba, nilipanda meli ya usiku, na mara nyingi nilikutana na mwalimu mmoja wa huko aliyesafiri na ubao wake. Tulicheza kwenye sitaha mpaka taa za Mwanza zikapotea. Alinifunga safari baada ya safari, nikaamini ananizidi kwa sababu amesoma vitabu. Usiku mmoja akaniambia niwe naandika kila hatua, na nikifungwa niandike chini yake, kwa maneno yangu, nilikuwa nawaza nini pale mambo yalipoharibika. Sikuwa na daftari. Nikaandika migongoni mwa stakabadhi za vipuri.

Baada ya michezo 11 nilizitandaza zile stakabadhi mezani hapa nyumbani. Saba zilisema jambo lilelile: "niliona naweza kumla askari", "ngome ilikuwa bure", "nilitaka kula kwanza". Mwanangu, mimi nikiona cha kula, sioni kingine. Nilikuwa nahesabu makosa saba, kumbe ni moja limerudi mara saba. Zile stakabadhi nne nyingine niliziacha zilivyo, kila moja ilikuwa na lake.

Dawa yangu haikuwa "kuwa mwangalifu". Maneno hayo hayashikiki mkononi. Nilijiwekea tendo: nikiona kete ya kula, mikono inakwenda chini ya mapaja, kisha najiuliza, hii kete yangu ikiondoka hapa ilipo, inaacha nini nyuma? Mwanzoni nilisahau karibu kila mara. Ilinichukua miezi, na yule mwalimu hakunionea huruma hata kidogo, lakini siku nilipomfunga kwa mara ya kwanza alinunua chai ya watu wote waliokuwa wanatutazama.

Na usidhani haya ni ya sisi wanagenzi tu. Novemba 2006, mjini Bonn, Ujerumani, Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia, alikuwa akicheza na programu ya Deep Fritz. Alisogeza malkia wake hadi e3, na mashine ikamfunga papo hapo kwa hatua moja, malkia wake hadi h7. Farasi aliyemlinda malkia huyo wa mashine alikuwa f8, pembeni kabisa. Naamini macho ya Kramnik hayakuzoea kumwona farasi wa pale akisaidia kumfunga mfalme. Hata bingwa ana mahali asipotazama.

Sasa fanya hivi. Acha kwa muda ile michezo ya dakika 3, inakuzoeza kukosea upesi. Cheza ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, miwili kwa siku inatosha. Ukimaliza, kabla ya kugusa programu, chukua daftari, pitia mchezo wako na uandike pale ulipopotea na kwa nini. Kuwa mkweli, hakuna anayekusahihisha. "Sikuona" ni tofauti na "niliona nikapuuza", na zote mbili si sawa na "nilihesabu vibaya" au "niliogopa nikarudi nyuma". Aliyeogopa hatibiwi kwa mazoezi ya kuhesabu. Baada ya hapo ndipo ufungue programu, nayo itakuonyesha hata makosa uliyoyafanya ukashinda. Hayo nayo yaandike. Ikifika michezo 20, yapange kama nilivyopanga stakabadhi zangu, halafu chukua lile linalorudi mara nyingi. Hilo moja tu. Mengine yasubiri.

Mianzo usiinunue. Kwa pointi zako ni nadra mtu kufungwa kwa sababu ya hatua ya 8. Kama una muda wa ziada, jifunze mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu, mpaka uweze kuucheza usingizini.

Mikhail Botvinnik, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1948, alisisitiza mchezaji achambue michezo yake mwenyewe na auchapishe uchambuzi huo, ili wengine wamkosoe. Wewe huna pa kuchapisha, ila una baba. Piga picha kurasa za daftari unitumie kila Jumapili, nitazisoma zote.

Tuanze na mchezo wa Alhamisi. Nilipoiona ngome yako ikipanda d7, moyo ulinishtuka, nikasema huyu karithi ugonjwa wangu. Lakini yawezekana nakosea. Pengine ulichoka, pengine uliiona ile e1 ukadhani kuna kete inailinda. Kwa hiyo kabla hujafungua programu, niandikie: ulipoishika ile ngome pale d1, ulikuwa unatazama wapi?

Baba yako