Maswali ya Wasomaji: Manyuali au Otomatiki kwa Gari la Zamani?

SWALI: Ndugu mhariri, nimepata sedani mbili za mwaka 1970, modeli moja, bei karibu sawa. Moja ni manyuali ya gia nne, nyingine otomatiki ya gia tatu. Kila ninayemuuliza ananiambia niikimbie otomatiki, eti za zamani zilikuwa mbovu. Ni kweli? Na nizijaribu vipi kabla sijatoa hela?

JIBU: Hao wanaokutisha wamekutana na otomatiki zilizochoka, wakadhani ndivyo zilivyotoka kiwandani. Kufikia 1970 otomatiki haikuwa kitu kigeni. General Motors waliweka Hydra-Matic ya gia nne kwenye Oldsmobile za modeli ya 1940, na TorqueFlite ya Chrysler, iliyotoka 1956, hadi leo mafundi wanaiheshimu kwa uimara. Kinachoziua ni joto, oili iliyozeeka na gari kukaa miaka bila kuwashwa. Kwa hiyo nunua lile lenye giaboksi nzima. Zikiwa nzima zote mbili, chagua unayopenda kuendesha.

Tofauti moja uijue, hata hivyo. Manyuali ikianza kuchoka hulia kwa muda mrefu kabla haijakufa, na unaweza kuendelea nayo huku ukitafuta vipuri. Otomatiki ikianza kuteleza, kila inapoteleza inajiunguza, na muda wako ni mfupi. Ndiyo maana otomatiki inastahili kupimwa kwa makini zaidi.

Anza injini ikiwa baridi. Kanyaga breki, tia R (rivasi), kisha D (ya kwenda mbele). Gari linatakiwa kushika ndani ya sekunde moja au mbili. Likichelewa mara ya kwanza tu baada ya kukaa wiki kadhaa, usilihukumu bado: kwenye giaboksi nyingi za enzi hizo oili hushuka kutoka kwenye konveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili, badala ya klachi ya mguu) na kurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, gari likilala muda mrefu. Likichelewa na likiwa moto, sili za ndani zimekauka au presha iko chini.

Liendeshe dakika 20 hivi lipate moto, kisha lisimamishe mahali tambarare. Injini ikiwa inanguruma taratibu, pitisha mkono wa gia nafasi zote polepole, urudi P, ya kuegesha (magari ya Chrysler hupimwa kwenye N, yaani fri). Chomoa kijiti cha kupimia oili na ukifutie kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu safi, sawa. Kahawia yenye harufu ya kitu kilichoungua, klachi za ndani zimekwisha. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa, maji ya rejeta yameingia kupitia bomba la kupoozea oili, na hapo usibishane bei, ondoka. Ukikuta imepungua, ongeza kidogo kidogo. Kwenye giaboksi nyingi umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni nusu lita tu. Ukijaza kupita kiasi, gia huichapa oili ikawa povu, pampu ikavuta hewa, na gari likateleza vilevile kana kwamba oili imepungua.

Muuzaji akikubali, fanya jaribio la mwisho: breki ya mguu na ya mkono zote zishike, tia D, kanyaga mafuta hadi chini, usome mizunguko ya injini. Usizidishe sekunde 5, maana nguvu yote hapo inageuka joto, kisha tia N uiache injini izunguke dakika mbili ipoe. Linganisha na namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Mizunguko ikizidi, kuna klachi ya ndani au bendi (mkanda unaobana gia za ndani) inayoteleza. Ikipungua kidogo, injini ndiyo dhaifu. Ikipungua sana, konveta yenyewe imeharibika ndani.

Manyuali unaipima kwa masikio. Gari likiwa limesimama kwenye fri na injini inanguruma, sikiliza huku mguu ukiwa nje ya klachi. Mlio unaopotea ukikanyaga klachi ni wa beringi ya shafti ya kuingizia nguvu, yaani giaboksi itafunguliwa. Mlio unaoanza ukikanyaga ni wa beringi ya kuachia klachi, kipuri kidogo, ingawa giaboksi lazima ishushwe kuifikia. Barabarani, kelele ikisikika gia zote isipokuwa ya nne, tafuta ubovu kwenye shafti ya chini, kwa kuwa gia ya juu hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuielemea. Kisha kwenye kila gia kanyaga mafuta kwa nguvu na uachie ghafla uone kama inaruka. Toka namba tatu kwenda mbili kwa haraka: sinkronaiza (ringi inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) ya namba mbili ndiyo huchoka kwanza, na itakukwangulia.

Klachi: ukiwa kilomita 40 kwa saa, tia gia ya nne na ukanyage mafuta hadi chini. Mizunguko ikipanda na mwendo ukabaki palepale, inateleza. Halafu simama, kanyaga klachi, hesabu hadi tatu, tia rivasi. Ikikwangua, klachi haiachii vizuri: huenda kuna hewa kwenye mfumo wa hidroliki, au diski imeganda kwa kutu kwenye flaiwili.

SWALI: Otomatiki yangu ina hozi nyembamba inayotoka kwenye manifoldi ya injini hadi ubavuni mwa giaboksi. Sasa inachelewa kubadili gia, ikibadili inapiga kishindo, na eksozi inatoa moshi mweupe mzito. Fundi anataka kufungua injini apige ringi mpya. Nimruhusu?

JIBU: Bado. Mwambie kwanza achomoe hiyo hozi kwenye giaboksi.

Hozi hiyo inaishia kwenye modyuleta, kikopo cha chuma chenye utando wa mpira ndani. Kazi yake ni kuiarifu giaboksi injini imebeba mzigo kiasi gani. Ukikanyaga mafuta, vakyumu (mvuto wa hewa) ya manifoldi hushuka, na giaboksi huongeza presha na kuchelewesha gia. Utando ukichanika mambo mawili hutokea kwa pamoja. Vakyumu haifiki, kwa hiyo giaboksi inadhani siku zote umekanyaga mafuta hadi chini, ndiyo sababu ya kuchelewa na kishindo. Na injini inaanza kunyonya oili ya giaboksi kupitia hozi na kuiunguza, ndiyo moshi huo. Utagundua pia kwamba oili ya giaboksi inapungua na hakuna tone chini ya gari.

Zima injini, chomoa hozi upande wa modyuleta, ingiza kijiti chenye pamba mdomoni mwake. Kikitoka na oili nyekundu, modyuleta imekwisha. Kikitoka kikavu, kagua hozi yote: mpira wa miaka mingi hupasuka pale unapopinda. Ukiwa na geji, injini nzima katika mwinuko wa bahari, ikinguruma taratibu, huonyesha kati ya inchi 15 na 20 za zebaki, na namba hiyo inatakiwa ifike hadi mwisho wa hozi.

Kubadilisha hakuhitaji kushusha giaboksi. Nyingine hushikwa na bolti moja na kibamba, nyingine zina uzi, unazungusha tu. Weka chombo chini, oili kidogo itamwagika. Angalia kama ndani kuna kipini chembamba cha chuma. Usikipoteze wala usikibadili kwa cha urefu mwingine, kwa sababu urefu wake ndio unaopanga presha. Modyuleta mpya nyingine zina skrubu ya kurekebishia. Usiiguse kabla hujaliendesha gari. Mwisho ongeza oili hadi alama yake na uchomoe plagi za injini uzisafishe, zitakuwa zimelowa.

SWALI: Muuza oili amenishauri niweke GL-5 kwenye giaboksi ya manyuali kwa sababu "ni mpya na bora kuliko GL-4". Gari ni la 1965.

JIBU: GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia, na namba kubwa hapo haina maana ya ubora. GL-5 ilitengenezwa kwa ajili ya difu, ambako meno husuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mzito, na ina takriban mara mbili ya dawa za salfa na fosforasi zilizomo kwenye GL-4. Kwenye giaboksi ya umri huo inaleta taabu mbili. Salfa inaweza kula ringi za sinkronaiza, ambazo ni za shaba. Pili, sinkronaiza hufanya kazi kwa msuguano: ringi inatakiwa kuushika mdomo wa gia hadi mwendo ulingane. Oili ikiwa telezi mno, ringi haishiki na gia inakwangua hata kama haijachakaa.

Fuata kitabu cha gari. MGB, kwa mfano, hutumia oili ya injini 20W-50 kwenye giaboksi, na Mini ya asili hutumia oili moja kwa injini na giaboksi. Otomatiki nazo zina yake: giaboksi ya Borg-Warner 35 iliundwa kwa ATF (oili ya otomatiki) ya aina F, inayofanya klachi zishike kwa haraka. Ukiweka Dexron, aina nyingine ya ATF, gia zitaingia laini na utafurahi, lakini ulaini huo ni klachi kuteleza.

Unapobadilisha oili ya manyuali, fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ile ya juu ikikataa kufunguka wakati oili yote imeshamwagika, gari halitoki hapo. Oili iwe na uvuguvugu. Uji wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vinavyokwaruza kidole si kawaida.

SWALI: Nina Jaguar E-Type 2+2 ya otomatiki. Nataka kuigeuza manyuali. Ninahitaji nini zaidi ya giaboksi?

JIBU: Orodha yenyewe ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Flaiwili badala ya lile bamba jembamba linaloshika konveta, diski, presha pleti, beringi ya kuachia, pedali, klachi masta na silinda yake ya chini, na bomba kati yao. Propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) ya urefu mwingine. Mwamba unaobeba giaboksi, mkono wa gia na kifuniko chake, kebo ya spidomita. Kagua tundu nyuma ya krenki: ya otomatiki huenda haina bushi inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, na bila hiyo beringi ya mbele itakufa mapema. Bomba za kupoozea oili kwenye rejeta zizibwe. Waya wa stata uliokuwa ukipitia swichi ya P na N uunganishwe upya, la sivyo gari haliwaki. Angalia pia uwiano wa difu.

Ushauri wetu: ukipata gari bovu la manyuali la kununua zima kwa ajili ya vipuri, endelea. Kuokoteza kimoja kimoja kutakumaliza. Na vipuri vya otomatiki vyote vihifadhi, mnunuzi wa baadaye atavitaka.

SWALI: Namba moja inakwangua nikiitia gari likiwa bado linatembea. Gia nyingine hazina shida.

JIBU: Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 hayana sinkronaiza kwenye namba moja, MGB zikiwemo hadi 1967. Simama kwanza. Au kanyaga klachi, toa gia hadi fri, achia klachi, gusa mafuta kidogo, kanyaga tena, ndipo utie.

SWALI: Otomatiki yangu imezimika. Naweza kuivuta kwa kamba?

JIBU: Ikiwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoendesha, usiivute yakiwa chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikizima, shafti ya nyuma inazunguka kavu. Fungua bolti za propela kwenye difu, kwa kawaida nne, weka alama ili irudi ilivyokuwa, ifunge juu kwa waya, ndipo uvute. Kuisukuma ili iwake hakusaidii, isipokuwa kwa baadhi ya giaboksi za zamani zenye pampu ya pili upande wa nyuma.

SWALI: Manyuali yangu ina swichi ya ovadraivu ya Laycock. Kuna la kuogopa?

JIBU: Ovadraivu ni gia ya ziada nyuma ya giaboksi, inayopunguza mizunguko ya injini. La kuogopa ni moja: usirudi nyuma ikiwa imeshika. Ndani yake kuna klachi ya upande mmoja, na rivasi huilazimisha izunguke kinyume ikapasuka. Gari huwa na swichi kwenye giaboksi ya kulizuia hilo, ila baada ya miaka 50 usiitegemee. Zima kwa mkono. Ukizima na mizunguko ya injini isipande, ovadraivu imegoma kuachia: endelea mbele tu hadi utakapofika, na usilirudishe nyuma hata kwa kusukumwa likiwa kwenye fri, maana klachi hiyo iko ndani ya ovadraivu yenyewe.